Sauti ya Baba Mlangoni mwa Tovuti

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako maana nyumbani hatusemezani. Sisi ni mafundi wa friji, karakana aliianzisha baba, na tangu afariki mwaka jana mimi ndiye ninayepokea simu na kuwatuma mafundi, na kaka yangu mkubwa, anayejua mambo ya kompyuta, akatutengenezea tovuti, nikafurahi kweli, ila akaweka ukurasa wa kufungulia, yaani kabla hujaona chochote inajitokeza polepole picha ya baba na ovaroli yake, halafu sauti yake, "Karibuni, karibuni sana, hapa hakuna friji inayotushinda," anaendelea hivyo karibu dakika nzima, ndipo kinakuja kitufe cha kuingia, na namba yetu ya simu iko huko ndani.

Siku ya kwanza tulilia wote. Lakini simu zikaanza kupungua, nikadhani ni msimu tu, mpaka mwenye duka la dawa, mteja wetu wa miaka mingi, alipokuja kwa miguu, jasho linamtoka, akaniambia, "Dada, friji ya chanjo ilizima, nimebadilisha simu, namba zenu sina, nafungua tovuti yenu, mzee anaongea tu, na hicho kitufe kwangu hakikutokea kabisa. Nimeita fundi mwingine. Nimekuja kukuambia kwa heshima ya baba yako."

Nikamweleza kaka, akanijibu, "Ukiuondoa ule ukurasa, umemzika mara ya pili." Basi Jumatatu nikauondoa kimyakimya. Sikujua kwamba mama huufungua kila asubuhi akinywa chai. Hakuuliza mtu, alidhani simu yake imeharibika, akaipeleka kwa fundi simu, na yule fundi ndiye aliyenipigia, "Mama yako yuko hapa, anataka nimrudishie mume wake, na mimi sijui nifanye nini." Nikaurudisha papo hapo. Kaka amejua, hanisemeshi. Niuondoe au niuache?

Mpokea Simu

* * *

Mpokea Simu, pole kwa msiba, na pole zaidi kwa ile simu ya fundi.

Nimeifungua tovuti yenu. Mara ya kwanza nilijifanya mtu ambaye nyama yake inayeyuka jikoni, nikakata tamaa baba akiwa bado anakaribisha. Mara ya pili nilitulia nikamsikiliza mpaka mwisho, na nikiri, nilitabasamu. Lakini friji yangu ilikuwa inafanya kazi.

Mteja wenu hajaja kutembea. Ana shida, ana haraka, na pengine simu yake ni ya zamani. Ukurasa huo unamsimamisha mlangoni, kwa hiyo lazima uondolewe. Hapo uko sahihi, na kaka yako, pamoja na utaalamu wake wote, amekosea. Mwambie aliujaribu kwenye kompyuta yake nzuri tu, hakuujaribu kwenye simu ya mwenye duka la dawa.

Ila wewe nawe! Unamwondoa marehemu kimyakimya, mjane wake aje kugundua na kikombe cha chai mkononi? Hilo si suala la tovuti, dada. Ulikwepa mazungumzo magumu, na mama yako ndiye aliyeumia. Kamwombe radhi leo, usisubiri kaka atulie.

Kisha muiteni kaka mkae watatu. Mama asikie habari ya friji ya chanjo kutoka kinywani mwako. Ameishi na fundi miaka yote hiyo, ataelewa kuliko mnavyodhani. Ukurasa wa kwanza uwe na namba ya simu kwa maandishi makubwa, saa za kazi na mahali mlipo. Baba apewe ukurasa wake mwenyewe, na sauti isikike pale tu mtu anapoibonyeza. Huo autengeneze kaka, kwa sababu kazi yake ilikuwa ya upendo na hamjawahi kumwambia hivyo.

Na kabla hamjagusa chochote, ile sauti iwekwe ndani ya simu ya mama, isitegemee mtandao wala ugomvi wenu. Mketi naye, abonyeze kwa kidole chake, amsikie mume wake. Akishamaliza kusikiliza, ndipo muondoe ule ukurasa.