Ukumbi Wenye Joto la Watu Tu

Dada Halima,

Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila nimekasirika mpaka chipsi na mayonezi za hapa Brussels, pamoja na utamu wake wote, zimenikwama kooni.

Hebu sikia. Klabu ya farasi ya Zuhura, mwenyeji wangu, inatafuta ukumbi wa mashindano ya kuruka viunzi msimu huu wa baridi. Leo nikaenda nao kukagua mmoja. Viti safi, joto la kutosha, mgahawa, kila mtu meno nje. Nikauliza, "Na farasi watapashia wapi misuli kabla ya kuruka?" Mwenyekiti wao akanionyesha kwa uma wa chipsi: nje, kwenye maegesho ya magari. Juu ya lami, dada! Na mvua ya theluji inamwagika!

"Farasi ana manyoya yake, mama," akanicheka.

Nikakuona akilini wewe na farasi wako Nyota mkianguka siku ile ulipoumia goti, mkipasha misuli juu ya lami kama hiyo. Damu ikanichemka.

"Na wewe una koti lako," nikamjibu. "Twende tukaongelee huko huko."

Akatoka bado anacheka. Hatukufika mbali, kiatu kikamteleza, akaning'ang'ania mkono huku meno yanagongana. Akaomba turudi ndani.

"Bado," nikamwambia. "Farasi husubiri zamu yake hapa hapa nje."

Jifunike goti hilo usiku, tafadhali. Na umpe Nyota karoti, umwambie leo nimemtetea.

Mdogo wako,
Rehema