Jina Ninalolisema kwa Sauti ya Chini

Mujukuu wangu Riziki,

Huku Bukavu tuko wazima, ni mvua tu haituachi. Unauliza sababu gani ninamuita koko yako, muke wangu, Maria kwa sauti ya chini.

Wakati wa Zaïre majina ya ubatizo yalikatazwa, nami nilipeleka barua milimani kwa miguu. Siku moja ya mvua na baridi, askari wa bariere, kizuizi cha njiani, alitoa barua moja katika mufuko wangu.

“Huyu Maria anakaa wapi?”

Niliinama kama kumusalimia. Maji ya kofia yakamwagikia bahasha, wino ukayeyuka.

“Haisomeki tena, chef.”

Akanitupia ile barua.

Nilifika kwa binti mwenye barua, nikamupa ile bahasha isiyosomeka.

“Nitajuaje ni yangu?”

Nikafunga mulango, nikamunong'oneza jina lake.

Zaïre imeisha, lakini jina hilo ningali ninalisema nikiangalia mulango.

Koko yako anayekupenda