Uso wa Shangazi Ukutani

Jumanne, 4 Machi

Umekwisha! Siku kumi na moja juu ya ngazi, shingo imekakamaa, kucha zina bluu isiyotoka hata kwa mafuta ya taa. Lakini ukuta wa ukumbi wa mtaa umekwisha. Foleni ya ndoo, kina mama, na katikati Shangazi na nyundo yake, anavunja kufuli la bomba. Lile kufuli halmashauri waliloweka, tukakaa wiki sita bila maji.

Kamati ya mtaa ilisema sura za kubuni zinatosha. Nilikataa katakata. Mwaka mzima naandika mabango — "Saruji ipo", "Usikojoe hapa" — leo nimepata ukuta wangu, nichore vikaragosi? Kila mmoja alikaa kwenye stuli mbele yangu. Shangazi saa tatu nzima.

Alipojiona alisema nimemnenepesha. Halafu akapita pale mara tatu, akijifanya ana safari zake. Sura ya mtu hainiponyoki mimi!

Jumapili, 9 Machi

Watu wanakuja kupiga picha. Msusi wa jirani analalamika wateja hawatulizi vichwa, wanageuka kila saa kubishana nani ni nani ukutani. Kichwa changu kimevimba, nakiri.

Jumatano, 12 Machi

Amekuja Bwana Kalamu. Ni ofisa wa halmashauri, tunamwita hivyo kwa zile kalamu nne za mfukoni. Alipiga picha moja tu, ya Shangazi. Kisha akaenda kwenye duka la Shangazi la cherehani, akasimama mlangoni. Akatazama simu, akamtazama Shangazi, akatazama simu tena. Akamsalimia vizuri, akaondoka.

Hapo ndipo nikaelewa.

Miezi mitano wanauliza nani alivunja kufuli. Walikuja na gari, wakaja na polisi. Mtaa mzima ulifunga mdomo — hata msusi, ambaye hajawahi kuficha kitu! Halafu mimi nikaja kuropoka kwa rangi, futi nane kwenda juu. Kamati ilipotaka sura za kubuni nilidhani hawajui sanaa. Kumbe mjinga nilikuwa mimi. Mjinga kabisa!

Ijumaa, 14 Machi

Shangazi aliitwa kituoni. Kuharibu mali ya umma, ndiyo wanavyoita. Wamemwachia, arudi Jumanne. Duka lake liko kwenye jengo la halmashauri. Akitiwa hatiani linafungwa, na yeye huenda akalala ndani. Ana miaka sitini na mbili na presha juu.

Nilibeba ndoo ya chokaa nikaenda ukutani. Shangazi alinikuta nimefika kipandio cha tatu cha ngazi, akafoka.

Shuka! Nimekukalia saa tatu mpaka kiuno kikafa ganzi, leo unifute kama jina la duka lililofilisika?

Nikamwambia watamfunga. Nilikuwa nalia, sioni aibu kuandika. Akasema picha tayari wanayo kwenye simu, au nitaipaka chokaa na hiyo simu? Kisha akapunguza sauti. Kina mama wanapita pale na ndoo zao kila asubuhi, wanajiona. Niwaache wajione.

Nikashuka. Tulikaa chini ya ngazi, akawa ananibandua rangi iliyokauka kwenye nywele. Angenizaba kofi ningeona afadhali.

Jumatatu, 17 Machi

Leo zamu yangu kuitwa. Naandika kwenye benchi la korido, ofisi za halmashauri.

Bwana Kalamu aliweka picha mezani. Huyu ni nani? Nikasema si mtu, nimebuni. Mbona kafanana na fundi cherehani fulani? Ushahidi mwingine hawana, niliona hivyo usoni mwake. Anachotaka ni neno langu tu. Nikasema imetokea tu. Mimi sura sijui kuchora, zote hunitoka vibaya, ndiyo maana naandika mabango.

Miaka ishirini nangoja mtu aniite mchoraji. Leo nimejikana kwa mdomo wangu, na nilikuwa tayari kujikana mara mia. Nilidhani tumepona.

Akasukuma karatasi tatu mbele yangu, akachomoa kalamu moja mfukoni. Basi, akasema, hebu nichore mimi hapa, tuone huo ubovu wako. Akakaa wima kama anapigwa picha ya pasipoti. Mara mkubwa wake akamwita juu. Akaniambia nikamalizie koridoni, akirudi ataona.

Karatasi ya kwanza nilimpa pua ndefu na masikio ya punda. Ni yeye, tena zaidi ya alivyo! Nimeichana, iko mfukoni. Ya pili nimechora kwa mkono wa kushoto, mistari imepinda ovyo, nikaanza kupumua. Katibu muhtasi akapita na chai, akachungulia begani kwangu, akaangua kicheko: Jamani, umempatia! Hilo jicho la dharau ni lake kabisa.

Imebaki karatasi moja. Viatu vyake vinashuka ngazi.