Uunsi Kwenye Shati na Mmea Wenye Macho ya Wanja

Mshauri wangu mpendwa, dada Loise, asalaam aleikum, naomba msaada wako kabla ya Ijumaa, kwa sababu Ijumaa kaka yangu Abdisalam anakuja na wazee na mimi nitaomba talaka, nguo zangu ziko kwenye sanduku tayari.

Ninaishi Galbet, mume wangu Ahmednoor anatengeneza simu hapa Garissa mjini, na siku hizi akifunga duka haji nyumbani moja kwa moja, anasema alikuwa msikitini kisha akapitia chai, lakini nikichukua shati lake kulifua linanuka uunsi, na wewe unajua sisi kila mwanamke anapika uunsi wake wa kufukizia nyumba, sukari yake, ubani wake, manukato yake, hakuna unaofanana na mwingine, na huu si wangu, ni mkali mpaka nikakohoa juu ya karai. Msikitini nani anamfukizia? Kwenye chai nani anamfukizia? Nimeanza kuwanusa majirani, juzi nilimkumbatia Timiro wa vitambaa akadhani ni mapenzi, kumbe nachunguza.

Basi nikafungua simu yake, ndiyo, nimefungua, nikakuta picha, si ya mtu, ni mmea, lakini mmea gani una macho ya wanja na hina kwenye majani, tena umeshika chetezo kama mwanamke anayemngoja mumewe, nikamwuliza huyu ni nani, akacheka, akasema, "Hani, wallahi hiyo ni mti tu ya game, ile mimea inalinda nyasi ya mbele, maiti wanaotembea wasifike kwa nyumba. Watu dunia nzima wanabuni mimea yao wanaweka mtandaoni, na mimi nimebuni ya kwetu, mti ya uunsi. Inapuliza moshi, maiti wanakohoa, wanarudi." Nikamwuliza, kama ni mti tu mbona unaificha, akaitia simu mfukoni, na mtu asiye na kosa hafichi simu. Ameuchora tena na tena, macho yale yale, na mbele yake kuna maiti wa kike amevaa dirac ya dhahabu, gauni letu la sherehe, anakohoa na kukimbia, huyo sikumjali, mimi ninayemtaka ni mwenye macho.

Wa kumwuliza sina, dada wa mume wangu, Saado, simwulizi, hatusalimiani tangu harusi yetu, alinisogezea chetezo chake puani mbele ya wageni nikakohoa mpaka nikatoka nje nimeishika dirac yangu, ile ya dhahabu, naye akasema kwa sauti, "Bibi harusi moshi hawezi, jiko ataweza?", wakacheka wote, na tangu siku ile nilimwambia Ahmednoor akikanyaga kwa Saado asirudi kwangu, acha Saado akae huko na intaneti yake ya nyumbani na maringo yake. Dada, niambie, huyo mwanamke nitamjuaje?

Hani, Galbet

*

Hani, pole. Harufu ngeni kwenye shati la mume inamnyima mtu usingizi, na sitakuambia umeota. Picha haitoi moshi. Kuna mtu wa kweli anayefukiza uunsi karibu na mumeo, naye mumeo amekuficha. Hapo uko sawa kabisa.

Lakini wewe mwanamke umeandika barua ndefu bila kuisoma! Mimi ni Mkamba, uunsi nimeujulia hapa Garissa, ila pua haina kabila. Umesema hakuna uunsi unaofanana na mwingine. Katika barua yako nzima, uunsi uliowahi kukukohoza ni wa Saado, siku ya harusi. Sasa umekohoa tena juu ya karai, na bado unamnusa Timiro wa watu? Ahmednoor anakwenda kwa dada yake. Anachora huko, anatumia intaneti hiyo unayoitukana, na anakudanganya kwa sababu ulimtaka achague kati yenu. Damu nzito kuliko maji, Hani, ulitegemea nini?

Tazama picha tena. Umemkodolea macho mwenye wanja ukampita mwenye dirac ya dhahabu. Huyo maiti anayekohoa na kukimbia ni nani? Haya, umeshamjua. Kasirika, una haki. Na wewe Ahmednoor, najua utayasoma haya: kumchora mkeo maiti ili ucheke na dada yako ni utoto, na kusingizia msikiti ni aibu. Ifute hiyo dirac leo.

Sasa nisikilize. Mpigie Abdisalam, mwambie wazee wapumzike kwanza. Kisha funga uunsi wako, ule unaoupika kwa mkono wako, uende kwa Saado alasiri, mchana kweupe. Salimia, vua viatu, keti. Ukikuta harufu ya pale siyo ya shati, niandikie, na sanduku hilo nitakusaidia kulibeba. Ukikuta ni ile ile, mpe zawadi yako na umwambie usoni kwamba neno lake la harusini lilikuuma na bado linauma. Mwache ajibu. Simu ya mumeo usiifungue tena, na kwa dada yake aende bila kujificha.

Saado atakusogezea chetezo, nawajua mawifi. Ukikohoa, kohoa ukiwa umeketi.