Kuvu Kwenye Kifua Changu

Isiolo, Jumatano, Julai 1986

Vumbi la hapa mtaani Burat leo halina adabu. Upepo umevuma tangu asubuhi, nami nimekohoa mpaka mbavu zinauma.

Lakini si TB. Wallahi si TB!

Ile TB nilipona zamani, baada ya sindano zisizo na hesabu. Mwezi jana nilipotema damu, Habiba, mke wa ndugu yangu Abdi, aliniona. Alichukua tu sahani yangu na kikombe changu akaviweka kando na vyombo vingine. Tangu siku hiyo nakula peke yangu chumbani, nikiwasikia wakicheka kwenye sinia moja. Simlaumu, ana watoto wadogo.

Uongo. Namlaumu kila siku.

Leo daktari amenionyesha picha ya kifua. TB ilipoondoka iliacha shimo kwenye pafu, na humo shimoni kumeota kuvu, imejiviringa kama tonge la ugali. Inaitwa asperjilasi. Kwa jina geni hivyo, nilidhani anamtaja padri wa misheni! Kumbe ndiyo ile ile inayoharibu mahindi stoo. Anasema sote tunaivuta na hewa kila siku, na wengi haiwafanyi kitu. Wengine inawaletea pumu. Kwangu imepata nyumba, haina haja ya kuhama. Damu ikizidi nikimbie hospitali, huenda nikapasuliwa. Lakini siambukizi mtu.

Siambukizi mtu! Nililia mbele yake bila haya.

Nilimweleza Habiba hata kabla sijavua viatu. Akashika kiuno. "Wifi, mtu anaota kuvu kama mkate?" Tukacheka sana, mara ya kwanza tangu ile damu. Jioni chakula kilipoiva alisogea kwenye mkeka, akapigapiga nafasi kando yake.

"Njoo tule, wifi."

Nikauangalia mkono wangu, huu ninaoufunikia mdomo nikikohoa. Nikamwangalia binti yao mdogo, ameshaingiza vidole kwenye wali.

Nikasema nimeshiba.

Nimeshiba nini, na sijala kitu tangu chai ya asubuhi? Habiba akanipakulia kidogo nikarudi nacho chumbani. Mwezi mzima nimekasirika kwamba wananiogopa. Leo wameacha, na mimi ndiye ninayejiogopa.

Wali umepoa hapa mbele yangu. Wao bado wanakula, nawasikia.

Kesho akiniita tena, nitanawa mikono kabla sijamjibu.