Nati ya Chini ya Tangi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na shemeji na watoto, na kwamba yule mdogo amepona masikio. Mimi sijambo, ila mikono tu ndiyo imechubuka. Baba naye hajambo. Goti la kushoto humsumbua asubuhi, likishapata jua linamtii. Nimeona niandike badala ya kupiga simu, maana kwenye simu utanikatiza, na mimi nikikatizwa nalia, na safari hii sitaki kulia.

Kila Jumapili umekuwa ukiuliza habari za trekta kabla hata ya kuuliza habari zangu. Basi leo nitakueleza zote.

Unakumbuka lilianza kuumwa wiki ileile nilipopata barua ya karakana ya shamba la miwa, kwamba wamenichukua niwe fundi wa injini. Ulinipigia vigelegele kwenye simu mpaka Baba akavisikia. Yeye akasema niende tu, atajua la kufanya. Lakini ningeendaje? Majirani wamekwisha kutuamini kwa kulima, nusu ya mashamba hayajaguswa, na trekta linakohoa. Nikasema nitalitengeneza kwanza, kisha nitaondoka.

Asubuhi lilikuwa linawaka bila shida. Likishafanya kazi nusu saa, mlio unaanza kukatakata kama mtu anayeongea huku anameza mate, moshi mweupe unatoka vipande vipande, nguvu inakwisha, mwisho linazimika katikati ya shamba. Nikadhani dizeli ni chafu. Nikamwaga yote, nikaosha tangi, nikaichuja kwa kitambaa, nikabadilisha filta, nikatoa hewa kwenye mabomba mpaka kidole gumba kikafa ganzi. Likatembea siku tatu, laini kabisa. Ya nne likarudia yaleyale.

Nikahamia kwenye nozeli, zile zinazopulizia dizeli kwenye silinda. Injini ikiwa inaunguruma, nililegeza bomba la kila moja kwa zamu. Silinda iliyo nzima ukiikatia dizeli, injini inayumba. Iliyokufa ukiikatia, hakuna tofauti. Zote nne ziliyumba. Kwa hiyo ndani trekta lilikuwa zima, ila lilikuwa linaumwa. Nikawaandikia karakana waniongeze wiki mbili, wakakubali. Nikaomba tena. Mara hiyo walijibu kwa mistari miwili: nafasi amepewa mwingine. Niliisoma nimekaa juu ya tairi, Baba amesimama pembeni. Akanishika bega, akasema, "Pole mwanangu. Huenda haikuwa yako."

Dada, baada ya hapo nilikuwa nalitafuta lile tatizo kwa hasira tu. Nikapata kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani, nikakifunga kabla ya filta, nikawasha. Viputo vikawa vinapita kimoja kimoja kama shanga. Hewa ilikuwa inaingilia upande wa tangi, mahali ambapo pampu inavuta. Ndiyo maana nje hapakuwa na hata tone la kuonyesha. Nikafuata bomba kwa mkono mpaka chini ya tangi. Nati ilikuwa imelegea nusu mzunguko.

Nati ile nilikuwa nimeikaza mwenyewe, mara mbili. Nikajiambia ni mtikisiko. Nikaikaza ya tatu, halafu nikachukua ile rangi ya kucha uliyoisahau dirishani, nikachora mstari kutoka kwenye nati hadi kwenye bomba. Siku mbili baadaye mstari ulikuwa umekatika, na kwenye pembe za nati kulikuwa na makovu mapya ya spana. Mtikisiko hauna spana.

Siku iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, nilimuaga Baba kwamba naenda dukani. Nikazunguka nyuma ya banda, nikachungulia kwenye upenyo wa mabati. Akaja polepole. Akatandika gunia, akapiga goti lile lile bovu, akatoa spana iliyofungwa kwenye leso. Baba yetu huyu, aliyenifundisha kuegemeza sikio kwenye bisibisi ili nisikie injini inasema nini.

Nikaingia. Nikamwambia, "Baba, unalegeza."

Hakuinuka. Hakuweza, ilibidi nimnyanyue mimi. Akasema, "Likipona, wewe unaondoka." Nikamuuliza ametoa wapi akili hiyo. Akajifuta mikono kwa ile leso, akaniambia hakuwaza peke yake. Akasema siku ile ile ya vigelegele, ulipomaliza kuzungumza nami, ulimpigia yeye. Ukamwambia, "Akienda huyo, Baba, mimi siwezi kuja kukutunza. Tafuta namna trekta lisipone."

Sasa ndiyo naelewa Jumapili zako. Nilidhani unanionea huruma. Nilikuwa nakuhesabia kila filta niliyobadilisha, nawe unaniambia, "Vumilia mdogo wangu, tatizo utalipata tu."

Baba nimemkasirikia, lakini nilimuona alivyopiga goti. Wewe sijui nikuoneje. Ungesema tu, "Siwezi." Neno moja. Tungekaa watatu tukatafuta njia.

Nami nina la kukiri, dada. Siandiki kutoka nyumbani. Niko kwenye vyumba vya wafanyakazi wa shamba la miwa. Nilikuja bila kuitwa, nikamweleza mkuu wa karakana kila kitu. Alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka. Amenipa kazi ya usaidizi: naosha vipuri na kufagia, chini ya yule aliyepewa nafasi yangu. Nimekubali. Trekta nimemwachia dereva jirani, yule aliyefundishwa na Baba, na linalima vizuri.

Barua hii inakuja na basi la Alhamisi. Baba anakuja na la Jumamosi, jirani atampandisha. Nilimuuliza, akakubali mwenyewe. Atashuka alasiri, na njia ya kwako haijui, kwa hiyo uwepo kituoni mapema. Dawa zake ziko mfuko wa pembeni wa begi la kijani; anameza moja asubuhi, moja jioni, na ya jioni hujifanya amesahau. Usimpe chumba cha ghorofani. Mtafutie kitu kibovu cha kutengeneza, la sivyo atakaa anatazama mlango.

Sikukuuliza kama una nafasi. Nawe hukuniuliza.

Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Jumapili usipige, nikiwa tayari nitapiga mimi.

Ni mimi,
mdogo wako.