Bia Aliyoitaka Mfalme

Tsaramandroso, Mahajanga

Mjukuu wangu Anli,

Barua yako imetukuta wazima. Dada yako amejifungua mtoto wa kike, na babu yako amepata miwani mipya, sasa anatukosoa sote.

Umeniuliza uwanunulie wenzako huko Antananarivo bia gani, ya bei kubwa au ya bei nafuu. Mimi siinywi, lakini niliwahi kuona ikichaguliwa.

Uhuru ulikuwa bado mpya. Nilikuwa nikisoma Nosy Be, nikikaa kwa mama mdogo Zaina pale Ambondrona, na nilitamani sana kuja Mahajanga kuendelea na shule. Wazee wakasema kwanza aulizwe mfalme, yaani pepo wa mfalme wa zamani, aliyekuwa akimpanda mama mdogo na kusema kwa kinywa chake. Wakamnunulia bia ya Ulaya, ghali kuliko zote dukani.

Pepo alipopanda, akaionja, akaitema.

"Maji ya sabuni haya!"

"Lakini ni ghali hiyo, Mfalme," mjomba wangu akasema kwa hofu.

"Ghali kwa nani? Mimi nimekufa, silipi. Nileteeni ile ya wakata miwa."

Ikaletwa. Akanywa, akacheua, kisha akanigeukia.

"Na wewe, mtoto, unataka nini?"

"Kusoma, Mfalme."

"Basi mwacheni aende."

Wazee walikuwa wameijadili safari yangu kwa muda mrefu, lakini yeye ndiye wa kwanza kuniuliza.

Waulize wenzako, Anli.

Bibi yako,
Mariamu